Kompyuta Haijafifia, Imehamia Chumbani

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza kama gemu za kompyuta zinafifia mbele ya PlayStation, Xbox na Nintendo. Muulize kijana yeyote wa Majengo au Kisauni, atakujibu kabla hujamaliza swali: zimekwisha zamani. Na ushahidi atakuonyesha. Kila mtaa una chumba chake cha PS, yaani PlayStation, pazia mlangoni, runinga mbili tatu, vijana wamebanana kwenye benchi. Kompyuta ya gemu ataiona wapi? Mimi ni fundi, natengeneza mashine za aina zote mbili hapa Mwembe Tayari, na jibu langu ni kinyume na lake. Kompyuta imetoka barabarani ikaingia chumbani mwa kijana nyumbani, nasi huhesabu kile tu kinachoonekana mlangoni.

Nianze na huo ushahidi wa mtaani, maana si wa uongo. Chumba cha PS ni biashara, na hesabu yake ni nyepesi. Runinga moja, mashine moja, pedi mbili. Wanakaa wawili, mechi ya mpira ya dakika kumi hivi, shilingi 20 au 30, na kwingi anayefungwa ndiye anayelipa. Waliosimama nyuma wanangoja zamu huku wakipiga kelele kuwashinda wachezaji wenyewe, na kelele hizo ndizo tangazo la biashara. Sasa mpe mwenye chumba kompyuta badala ya PS. Mteja mmoja anakaa mbele ya skrini moja, anapambana na watu asiowaona, na aliyesimama nyuma yake haelewi nani anashinda. Akitaka watu wacheze Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi, watano kwa watano, itabidi anunue kompyuta 10, swichi ya kuziunganisha, waya, viti na feni, kisha angoje bili ya stima. Hakuna mwenye mtaji mdogo atakayechagua njia hiyo. PS imeshinda mtaani kwa sababu inaingiza pesa mechi kwa mechi. Uwezo wa mashine si hoja hapo.

Halafu kuna mpira. Vyumba hivi vinalishwa na gemu moja, FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Wengi wetu tulianza na PES, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, kwenye PS2, ile mashine iliyotoka mwaka 2000, ikaendelea kutengenezwa hadi 2013, na ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Tuwe wakweli pia kwamba iliingia mitaani kwetu ikiwa imechipiwa, yaani imetiwa chipu ya kuvunja kufuli lake, ikisoma sidii za kunakili za bei ya chee. Bila chipu ile sijui ni watoto wangapi wa Likoni wangeshika pedi.

Kwenye mpira kompyuta ilidhulumiwa waziwazi. FIFA 22 ilipotoka, mwenye PS5 alipewa mwendo mpya wa wachezaji uitwao HyperMotion. Mwenye kompyuta, hata kama mashine yake ilikuwa na nguvu kuishinda PS5, alipewa toleo la kizazi cha PS4. Ilibidi angoje FIFA 23 ndipo akae sawa na wenzake. Grand Theft Auto V (GTA V), gemu ya ujambazi mjini, nayo ilitoka Septemba 2013 kwenye PS3 na Xbox 360, ikafika kwenye kompyuta Aprili 2015. Kijana aliyekuwa shule ya upili miaka hiyo, mpenda mpira na mpenda GTA, alikuwa na haki ya kuamini kwamba kompyuta imeachwa nyuma. Kwa gemu alizozipenda yeye, iliachwa kweli.

Lakini kiti cha kompyuta mtaani hakikuvunjwa na PS. Wanaokumbuka saiba za mjini, vyumba vya intaneti ya kulipia, zile za Moi Avenue na Digo Road, wanajua kwamba jioni wateja wa barua pepe wakipungua vijana walikuwa wakiingia kucheza Counter-Strike kwa mtandao wa ndani. Saiba haikujengwa kwa ajili ya gemu. Ilijengwa kwa ajili ya intaneti, na gemu zilikuwa mpangaji wa usiku. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika pwani yetu mwaka 2009 intaneti ilianza kushuka bei, kisha simu za kugusa zikaingia, na mteja wa barua pepe akaacha kuja. Saiba zilizobaki leo zinajaza fomu za kodi za KRA na za huduma za serikali za eCitizen, zinachapisha na kutoa kopi. Nyumba ilipouzwa, mpangaji akahama. Aliyeiuza ni simu.

Na si sisi peke yetu tuliodanganyika kwa macho. Marekani na Uingereza, miaka ya 2005 na kuendelea, maneno kwamba kompyuta inakufa kama mashine ya gemu yalikuwa wimbo wa kila mwaka. Walioimba walikuwa na sababu: rafu za gemu za kompyuta madukani zilikuwa zikipungua, na takwimu nyingi za mauzo zilihesabu maboksi. Ambacho hakikuhesabiwa ni Steam, duka la mtandaoni lililofunguliwa na kampuni ya Valve mwaka 2003. Mwaka uliofuata gemu yao ya risasi, Half-Life 2, ikatoka, na huwezi kuicheza bila Steam, ukipenda usipende. Watu walilalamika mno, kisha wakazoea, kisha wakaacha kununua maboksi. Machi 2025 watu zaidi ya milioni 40 walikuwa wameingia Steam kwa wakati mmoja. Si wote wanaokuwa wanacheza dakika ile, wengine wameiacha wazi wako na shughuli zao, lakini kitu kinachokufa hakivunji rekodi zake mwenyewe.

Ukitaka kipimo kizuri kuliko idadi ya watu, tazama gemu mpya zinazaliwa wapi. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama kazi ya mikono ya wapenzi wawili wa Half-Life walioigeuza gemu ya watu wengine. Dota, gemu ya timu mbili kupigana, ilitoka kwenye ramani zilizochorwa na wachezaji wa gemu ya vita Warcraft III, na League of Legends ikafuata nyayo. PUBG, iliyowafundisha vijana wote kuruka na parachuti na kupigana hadi abaki mmoja, ilitoka kwa mtu aliyeanza kwa kuchezea faili za gemu ya kijeshi iitwayo Arma. Minecraft ilianza kuuzwa kwenye kompyuta ikiwa bado haijakamilika, na kufikia 2023 ilikuwa imeuzwa zaidi ya nakala milioni 300 kwenye kila aina ya mashine. Zote zimezaliwa kwenye kompyuta, na sababu ni moja: kompyuta unaweza kuifungua. Ukiichoka gemu, unaingia kwenye faili zake, unabadilisha, unawapa wenzako. PlayStation imefungwa na mwenyewe, kampuni ya Sony, na amefunga kwa makusudi, maana faida yake iko kwenye kufunga.

Cha kuchekesha ni kwamba ukiifungua kwa bisibisi, hutakuta kitu cha ajabu ndani. Zamani ulikuta. PS2 na PS3 zilikuwa na ubongo wake pekee, na wa PS3, ulioitwa Cell, uliwatesa hata waandishi wa gemu. Tangu PS4 na Xbox One za mwaka 2013, ndani mna chipu ya kampuni ya AMD ya jamaa moja na zile za kompyuta za kawaida. Nikiwa na PS4 na kompyuta mezani, feni ni zile zile, pesti ya kupoza ni ile ile, na adui yao ni mmoja, hewa yetu ya chumvi inayokula shaba polepole. Ndiyo maana gemu sasa zinavuka kwa urahisi. Sony, waliokuwa wakificha gemu zao kama dhahabu ya bibi, walianza kuzileta kwenye kompyuta: Horizon Zero Dawn mwaka 2020, God of War Januari 2022, Spider-Man mwaka huohuo. Microsoft, wenye Xbox, nao tangu 2024 wanapeleka gemu zao hata kwenye PlayStation ya mpinzani. Kama kuna anayeyumba katika hadithi hii, mimi ningemtazama Xbox kabla ya kompyuta.

Tena dunia si Mombasa wala si Marekani. Korea Kusini ina vyumba vya mtaani kama vyetu vya PS, vijana wamejaa, kelele tele, lakini ndani mna kompyuta. Kule intaneti ya kasi ilienea mapema, gemu ya vita ya StarCraft ya mwaka 1998 ikawapagawisha, na bidhaa za burudani kutoka Japani zilikuwa zimewekewa vizuizi kwa miaka mingi, kwa hiyo PlayStation ilichelewa kupata kiti. China ilipiga marufuku mashine za aina ya PlayStation mwaka 2000 na haikuondoa marufuku hiyo nchi nzima hadi 2015. Kizazi kizima kilikulia kwenye kompyuta. Mkorea akiuliza swali lenu, pengine angeliuliza kinyume.

Turudi nyumbani, kwenye chumba nilichosema kompyuta imehamia. Kijana wa leo anakuja dukani na Dell OptiPlex ya mtumba, zile za eks-UK zilizotoka kwenye ofisi za Wazungu, anataka iingie GTA V. Mashine yenyewe ni imara ila paua saplai yake, kisanduku cha kuigawia umeme, ni ndogo na haina waya wa ziada wa kulisha kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Dawa ni kadi kama GTX 1050 Ti ile fupi, ambayo inakula wati 75 na kuzipata zote kwenye tundu la ubao mkuu wa kompyuta. Unaongeza RAM, unaweka diski ya SSD, anaondoka anacheka. Kazi hizi naziona zikiongezeka, si kupungua. Ila hakuna jirani atakayeijua kompyuta ile, maana haina benchi nje.

Huyo kijana ana faida nyingine ambayo vyumba vya PS havimwambii. Kucheza mtandaoni kwenye kompyuta, kwa gemu nyingi, hulipii ada ya mwezi. Tangu PS4, gemu nyingi za kulipia zinakutaka uwe na usajili wa kulipia wa PlayStation Plus ndipo ukutane na wenzako mtandaoni. Na kwa sisi Wakenya kuna la ziada: Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation, ndiyo maana akaunti za huku nyingi zimeandikishwa Marekani au Uingereza na pesa zinaingizwa kwa kadi za zawadi. Mei 2024 jambo hili liliwafikia hata watu wa kompyuta. Sony walitaka kila anayecheza Helldivers 2 kupitia Steam awe na akaunti ya PlayStation, gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, wachezaji wakapiga makelele, na baada ya siku chache Sony wakarudi nyuma kuhusu hiyo akaunti. Steam yenyewe haina ubaguzi huo. Bei zake kwetu ni za dola, hilo kweli linauma, lakini kadi ya Visa ya M-Pesa inalipa bila kudanganya anwani.

Kasoro za kompyuta nazijua pia. Wadanganyifu ni wengi kwenye gemu za kupiga risasi, na uleule uwazi niliousifu ndio unaowapa mlango. Kadi za grafiki zilipanda bei vibaya kati ya 2020 na 2022, chipu zilipoadimika na wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakazinunua kwa mafungu. Na seva, kompyuta zinazoendesha mechi za mtandaoni, ziko mbali. Nyaya zinatua hapa hapa Mombasa lakini kwa gemu nyingi seva ya karibu iko Afrika Kusini, Ulaya au Ghuba, kwa hiyo unampiga mtu risasi, na yeye ameshakuua kabla yako haijafika. Penye miti hapana wajenzi. Hili la mwisho linamuumiza mwenye PS pia akiingia mtandaoni, ila yeye ana jirani yake benchini, hahitaji seva.

Simu sizungumzii sana kwa kuwa hamkuiuliza, lakini panda feri ya Likoni asubuhi uhesabu vichwa vilivyoinama. Pesa zinazoingia kwenye gemu za simu duniani ni kama nusu ya pesa zote za gemu. Kompyuta, PS na wenzake zinagombania kinachobaki.

Wazazi huniuliza wanunue ipi, na huwa nawauliza kwanza mtoto anacheza na nani. Kama ni binamu na majirani, na mchezo ni mpira, nunueni PS4 ya mtumba, hata PS5 mkiweza, ingawa bei yake Ulaya na Marekani imepandishwa badala ya kushuka na umri kama tulivyozoea. Kama marafiki zake wako mtandaoni, au ni yule anayefungua redio ya babu yake kuona sauti inatoka wapi, nunueni kompyuta, mbakize na pesa ya UPS, betri ya kuishikilia stima ikikatika. Stima ikikatika katikati ya mechi mwenye PS anaanza mechi upya. Mwenye kompyuta huja kwangu siku ya pili na diski iliyoharibika mkononi.

Fundi, Mwembe Tayari, Mombasa