Fundi Anajibu: Chupa zinanipasukia, nihamie kwenye kegi?

SWALI: Shikamoo fundi. Napika bia nyumbani kwa kimea na hopsi, lita 20 kwa mkupuo, ya kunywa na jamaa zangu tu. Mwezi wa kwanza chupa tatu zilipasuka stoo usiku, mke wangu akasema sasa basi. Kuna mtu ananiuzia kegi ya chuma ya lita 19, zile zilizokuwa za soda. Regulata ya gesi ya kupikia ninayo, je, itafaa kwenye mtungi wa kaboni dayoksaidi? Na nianze kununua nini? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe pole mama watoto. Vigae vya chupa vikiruka watu wako macho stoo, habari inakuwa nyingine.

Regulata ya jikoni iache jikoni. Ile imetengenezwa kwa gesi ya kupikia, ambayo mgandamizo wake ni mdogo. Mtungi wa kaboni dayoksaidi kwa joto letu hili unabeba bar 60 hadi 70. Nunua regulata ya kaboni dayoksaidi yenye geji mbili, na hapo usitafute cha bei poa. Nimefanya kazi ya friji na mitungi ya gesi Temeke tangu kijana, na kitu ninachokiheshimu kuliko vyote ni mtungi uliojaa.

Ila kabla ya kegi, tuzungumze chupa zako. Chupa hupasuka kwa sababu sukari imebaki: ama bia ilikuwa haijamaliza kuchachuka, ama uliongeza sukari kupita kiasi. Pima kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea ndani ya bia kuonyesha sukari iliyobaki. Ikisoma namba ileile siku tatu mfululizo, bia imetulia. Ukiwa na kegi huongezi sukari kabisa, gesi inatoka mtungini na wewe ndiye unayeamua iingie kiasi gani.

Sasa cha kuanza nacho. Watu wengi hukimbilia kegi. Mimi nakwambia anza na friza. Gesi huingia kwenye kinywaji cha baridi. Kwenye cha moto inakataa. Kwa nyuzi 4, ukifungua psi 12, ambayo ni kama bar 0.8, bia inapata gesi ya kutosha ndani ya siku saba hadi kumi. Mgandamizo huohuo kwa nyuzi 28 za sebuleni kwako unakupa kama nusu tu, na ukifungua koki unapata povu tupu. Tafuta friza iliyotumika, ya kulala, mwambie fundi akufungie kidhibiti joto cha nje ili isigandishe. Nenda na futi: kegi ya lita 19 ina urefu wa sentimita 63 hivi na upana wa 22, na friza nyingi zina kigongo cha kompresa kinachokula nafasi chini. Umeme ukikatika, usiifungue friza.

Gesi omba ya daraja la vinywaji. Hapa nchini tumejaliwa: TOL Gases, kampuni ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, huvuna kaboni dayoksaidi ya asili inayotoka ardhini kule Rungwe, Mbeya. Mtungi wa kilo 2 unatosha kuanzia, maana kegi moja hula kama gramu 200 kuanzia kujaza gesi hadi glasi ya mwisho. Na usiisikilize geji ya regulata inayosoma mgandamizo wa mtungini kujua kilichobaki. Ndani gesi ni kimiminika, sindano inasimama palepale hadi kimiminika kinaisha, kisha inashuka ghafla. Pima mtungi kwa mizani.

Mimi kegi yangu ya kwanza nilifunga jioni, nikaacha koki ya mtungi wazi, nikalala. Asubuhi sindano iko sifuri. Mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka, na gesi yote ilipita pale bila hata mlio. Tangu siku hiyo nafanya hivi: napaka mpira grisi ya vyombo vya chakula, naweka kifuniko, naingiza bar 2 kwa muda mfupi kikae vizuri, halafu nachovya brashi kwenye maji ya sabuni na kupaka kila kiungo. Panapovuja povu linachemka taratibu, kijiputo juu ya kijiputo. Nikiridhika ndiyo nashusha hadi psi 12.

Bia iingize kwa mpira unaofika chini kabisa, isirukeruke ikavuta hewa. Ukishafunga, ingiza gesi na uvute vali ya juu mara nne au tano hewa itoke. Kuosha usitumie dawa yenye klorini, inatoboa chuma cha pua. Tumia iodini ya vyombo vya maziwa. Mpira wa kumiminia uwe mwembamba, wa milimita 5 ndani, mita tatu hivi. Mfupi unatoa povu.

Mtungi usafirishe umesimama, madirisha wazi, na usiuache kwenye buti juani. Nyumbani usiuweke chumba kilichofungwa; gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajaa chini na huisikii harufu.

Na huyo muuzaji usimlipe bado. Kegi za soda ni aina mbili na viunganishi vyake haviingiliani. Angalia vichwa viwili vya juu: vikiwa na vipini vidogo vinavyochomoza pembeni, viwili upande wa gesi na vitatu upande wa bia, ni aina ya kwanza, vikiwa laini bila vipini ni ya pili. Kivute kifuniko, unuse ndani, uuguse ule mpira. Ukiwa na nyufa au mgumu kama plastiki, apunguze bei ya mipira mipya.