Bia ya Krismasi yenye karafuu: aiandikishe kundi gani?

SWALI: Bi Mhariri, shikamoo. Kaka yangu yuko Chicago, hupika bia nyumbani. Nilimpelekea karafuu za Pemba na mdalasini, akapika bia nyeusi ya Krismasi, kilevi asilimia 8. Mashindano yao yanafuata mwongozo wa 2021 wa BJCP, chama cha Marekani cha kuwathibitisha majaji wa bia, unaozigawa bia kwa makundi. Aiingize kundi gani?
Mpishi wa hoteli, Mbweni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza aionje, asisome karatasi yake ya mapishi. Jaji hahukumu ulichotia chunguni, anahukumu kilichomo glasini.

Ikiwa ni nzito, ina utamu wa kimea, na viungo vinanukia Krismasi, basi ni 30C, bia ya msimu wa baridi. Hapo ni lazima ataje viungo alivyotia. Aina ya bia ya msingi akipenda aitaje. Kama viungo vinasikika lakini havileti harufu ya sikukuu, basi ni 30A, bia ya viungo, majani au mboga.

Ninachohofia mimi ni karafuu. Chukua moja tu, ing'ate kile kichwa chake cha mviringo: ulimi unakufa ganzi papo hapo. Ndivyo itakavyomfanya jaji ikizidi, na mdalasini wote utapotea. Ikiwa karafuu imemeza kila kitu, hakuna kundi litakalomwokoa. Apike nyingine isiyo na viungo, achanganye.

Tena aandike wazi "karafuu". Hamira ya bia za ngano za Kijerumani nayo hutoa harufu hiyohiyo bila karafuu hata punje, na jaji asiyeambiwa anaweza kudhani ni hamira.