Boksi la trastuzumab limebadilika jina, je ni feki? Jibu kwa mleta uzi

Mkuu, pole na kuuguza. Kwa waliorukia uzi katikati: mama yake jamaa ana saratani ya titi, HER2 chanya (yaani chembe za saratani zina protini iitwayo HER2 kwa wingi), anatibiwa hapa Dar. Dripu za mwanzo za trastuzumab, dawa inayolenga hiyo HER2, zilikuwa za kampuni moja, safari hii kaletewa boksi lenye jina jingine na bei iko chini sana. Mtaani wanamwambia ni feki. Na kuna mtu Kariakoo anaahidi kumletea "ya kwenyewe" kwenye begi akitoka Mumbai.

Mimi ni mfamasia, nimefanya sana kazi ya kusajili na kuingiza dawa za ubaridi, kwa hiyo nitajibu kwa upande huo. Ya daktari namwachia daktari.

Jina tofauti peke yake halikutishi kitu. Paracetamol inatengenezwa kwa kemikali, kiwanda chochote makini kinaitoa ileile. Trastuzumab ni protini inayozalishwa na chembe hai kwenye matangi, na molekuli yake ina uzito unaokaribia mara elfu moja ya paracetamol. Ni kama togwa, nyumba mbili zikitumia kimea kimoja bado ladha zitapishana kidogo. Hata kampuni ya mwanzo, iliyopata kibali Marekani mwaka 1998, matoleo yake (batch) hayalingani nukta kwa nukta. Kinachodhibitiwa ni tofauti zisivuke mipaka. Wanaofuata nyuma ndio tunaita bayosimila. Hawarudii utafiti wote kuanzia sifuri, ila lazima waonyeshe kwamba protini yao inafanana na ya kwanza kwa umbo, kwa nguvu na kwa matokeo ndani ya mgonjwa, na kwamba mwili hauipigi vita zaidi ya ile. Kutorudia utafiti wote ndiko kunakopunguza bei. WHO ilipoipitisha bayosimila ya kwanza ya trastuzumab mwaka 2019, ilisema kwa kawaida hizi ni nafuu kwa takriban asilimia 65.

Na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, hawagongi muhuri tu. Mamlaka yetu ndiyo ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu kwenye vipimo vya WHO vya ubora wa udhibiti wa dawa, mwaka 2018, enzi hizo ikiitwa TFDA. Faili la bayosimila linarudi na maswali mpaka unachoka: dawa mliyojilinganisha nayo mliinunua wapi, toleo lipi, mbona kipimo hiki kimepanda. Wafanyabiashara wanalalamika, mimi siwalaumu wakaguzi.

Kinachonitisha mimi ni joto. Dawa hii inakaa nyuzi 2 hadi 8. Mzigo ukifika, kabla ya kuhesabu maboksi tunachomoa data loga, kile kidude kama flashi kinachorekodi joto, kinacholala katikati ya katoni, tunakichomeka kwenye kompyuta. Kuna mzigo mmoja mstari wa joto ulikuwa umelala vizuri njia nzima, halafu ukapanda kama mnazi: katoni zilikuwa zimeshushwa Dar na kuachwa nje ya chumba cha baridi. Ukizitazama chupa, unga ni mweupe, vifuniko safi, huoni kasoro. Tuliukataa, mwenye mzigo akanuna. Kuganda nako ni balaa, unga ukishayeyushwa kwa maji usigandishwe.

Sasa huyo wa begi la Mumbai ana loga gani? Hata kama dawa ni halali kule, ikishakaa kwenye begi na kwenye foleni ya Nyerere Road hakuna anayejua unamwekea mama nini. Mwambie asante, basi.

Ufanye hivi. Tafuta jina la boksi kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa, iko kwenye tovuti ya TMDA. Mwombe nesi aandike kwenye kadi ya mama jina la kibiashara na namba ya toleo kila dripu, maana likitokea tatizo, "trastuzumab" tupu haitusaidii kujua ni chupa ipi. Ukiona neno "emtansine" limefuatia, simamisha uulize: hiyo ni dawa nyingine kabisa na dozi yake ni nyingine, kumpa mgonjwa moja badala ya nyingine kunaweza kuua. Ulizia na echo, kipimo cha picha ya moyo, kwa sababu trastuzumab yoyote, ghali au nafuu, inaweza kuudhoofisha moyo.

Ukiweka picha ya boksi hapa, ficha jina la mgonjwa, nitakuangalizia.