Karatasi ya mahudhurio si sahihi ya kukubali: kwa wasaidizi wa sheria wapya wa shehia za pwani

Assalam alaykum wadogo zangu. Nasikia mwezi huu mmeingia wapya, wengine wasaidizi wa sheria, wengine wanakamati wa wavuvi ambao mlango wa mahkama hamjawahi kuukanyaga, sasa nataka niwambie yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu, maana nilivyoanza nilidhani kazi ya kesi ni wakili na jaji tu, kumbe kesi ya kisiwa mnaishinda au mnaipoteza huku huku kijijini kabla hata wakili hajapatikana.

Kesi yetu sisi huku Zanzibar ni ya muekezaji anayetaka kujenga hoteli kwenye kisiwa chetu. Naanza na karatasi. Siku ile mkutano ulikuwa skuli, wakaja vijana wawili wa muekezaji na mtaalamu wao, wakatuonesha picha kubwa za vyumba vya hoteli vimesimama juu ya maji pembeni ya kile kisiwa chetu kidogo tunachopigia dago, yaani tunapopiga kambi ya uvuvi, picha nzuri kweli, tukaambiwa ajira zitakuja, tukapewa soda na biskuti na nauli, halafu ikapitishwa karatasi yenye mistari, jina, kazi, simu, sahihi. Tukasaini sote, wazee wasiojua kuandika wakatia dole gumba. Miezi ikapita. Siku tunakuja kuiona ripoti ya tathmini ya athari za mazingira, ile watu wanaita EIA, karatasi yetu ile ile imebandikwa nyuma kama kiambatanisho na juu yake pamechapwa kwamba ni orodha ya wananchi walioshirikishwa na kuridhia. Kuridhia! Mimi nilisaini nambari 14 na ile karatasi naikumbuka vizuri, juu ilikuwa imeandikwa kwa mkono "mahudhurio", basi, hakuna neno jengine.

Hiyo karatasi imetusumbua kuliko kitu chochote kwenye kesi nzima. Kwa hiyo mkutano wowote mtakaoitwa, kabla ya kusaini andikeni pembeni ya jina "nimehudhuria, sijakubali", na mmoja wenu aipige picha kwa simu karatasi nzima kabla haijatoka chumbani. Na msitegemee muhtasari wa wageni, andikeni wa kwenu, nani alisema nini, nani aliuliza nini akajibiwa vipi, saa ngapi mkutano umefungwa, mpelekeeni sheha, yule kiongozi wa shehia yenu, apige muhuri siku ile ile si wiki ya pili. Na ripoti iombeni kwa barua, nakala ya barua mbaki nayo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana mtu akija kusema hamkuwahi kuomba mnatoa karatasi, hamna haja ya kubishana.

Someni kesi ya wenzetu wa Lamu, watu wa kisiwa kama sisi, Waislamu wavuvi kama sisi. Pale palitakiwa kujengwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, wananchi wakaenda kwenye baraza la rufaa za mazingira la Kenya na Juni 2019 leseni ya mazingira ikafutwa. Kilichoiangusha ni ushirikishwaji, yaani vikao vilivyohesabiwa kuwa vya wananchi vilikuwa vya kujitambulisha tu, ripoti yenyewe bado haijaandikwa, sasa watu watatoaje maoni juu ya kitu hawajakiona? Nilivyoisoma hiyo niliwaza soda zetu pale skuli.

Jengine ni ardhi. Mtasikia kila mkutano wazee wanasema kisiwa hichi cha babu zetu, na ni kweli kwa moyo, lakini mahkamani neno hilo peke yake halisimami, kwa sababu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ikawa ya umma na Sheria ya Ardhi Namba 12 ya 1992 ikaendelea hapo hapo, watu wana haki ya kutumia. Sasa musilie na umiliki, onesheni matumizi. Nani anapiga dago pale na miezi gani, kisima kiko wapi, makaburi yako wapi, minazi ya nani, maana kwa sheria ile ile mti unaweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi uliyomo. Sisi tulizunguka wiki mbili na daftari tukiandika mti kwa mti.

Na hapa niseme kosa letu wenyewe. Barua yetu ya mwanzo tuliandika kwamba sheria inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka baharini. Tuliichukua mtandaoni. Mita 60 ni ya Sheria ya Mazingira ya 2004, ile ni ya Tanzania Bara, mazingira si jambo la Muungano, sisi tuna Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar Namba 3 ya 2015 na mamlaka yetu ya mazingira, ZEMA. Wakili wa upande wa pili alitujibu mistari miwili tu, na kuanzia hapo kila tulichoandika kikaonekana cha watu wasiojua wanachokisema. Ilituchukua muda mrefu kurudisha heshima. Kabla hamjataja kifungu mpelekeeni mtu wa sheria akitizame, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992 na kazi ya kuwasomesha wasaidizi wa sheria wanaifanya.

Lakini kuna kitu ambacho sisi tunakijua na mawakili hawakijui, nacho ni maji. Vipimo vya ufukweni kwa kawaida huanzia pale maji makubwa yanapofika, sasa swali ni maji makubwa ya lini? Bikoni za muekezaji, yaani mawe ya mipaka, ziliwekwa wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayapandi sana. Mtu wa bara au mtu wa ofisini haoni tofauti, kwake bahari ni bahari, ila huku kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka kama mita 4 na maji mafu hayafiki hata nusu ya hapo, na pwani ikiwa tambarare hiyo ni hatua nyingi sana za mchanga. Tulisubiri bamvua kubwa ya mwezi wa tatu, alfajiri tumesali tukatoka, watu kama kumi na tano, tukachomeka mambo, vile vijiti vya kufungia kamba za mwani, pale povu lilipogusa, tukapiga picha na vidio, sheha yupo, mzee mmoja nahodha anataja tarehe ya mwezi wa kiislamu kwa sauti. Bikoni mbili zilikuwa ndani ya maji! Ile picha ya bikoni na maji yamefika katikati yake ndiyo iliyomfanya wakili wetu akae sawa kwenye kiti.

Mashahidi watafuteni miongoni mwa kina mama. Wanaume tunapenda kusema lakini kumbukumbu wanazo wao. Dada mmoja wa mwani alikuja na bati la biskuti, ndani mna risiti za kila alipouza mwani, miaka na miaka, nyengine wino umefifia mpaka unainamisha kwenye dirisha ndio usome. Akaulizwa na wakili wao shamba lako lina ukubwa gani, akasema "kamba mia mbili, kila moja nimeifunga kwa mkono wangu". Hakuulizwa tena. Hati za kiapo zisomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla ya kutia dole, neno kwa neno, kwa Kiswahili anachokielewa.

Zuio la muda, yaani amri ya mahkama ya kusimamisha kazi mpaka kesi iishe, muombe mapema, mikandaa (mikoko) ikishakatwa hata mkishinda mtapewa hukumu na visiki. Na kama mnafungua kwa niaba ya kijiji kizima ombeni ruhusa ya mahkama ya kuwakilisha, msiruke hatua hiyo mkaja kutupwa nje kwa utaratibu wakati hoja zenu zimo.

Kuna vijana wenu watakaoitaka hoteli. Msiwatukane. Wangu wa damu aliniambia kaka mimi sina boti, bahari hiyo unayoilinda inanilisha vipi, na sikuwa na jibu la haraka. Kaeni nao. Kilichosaidia kwetu hakikuwa sheria, alikuwa mzee wa msikitini aliyehadithia kisiwa cha Misali huko Pemba, vile Mtume Hadhara (Nabii Khidhri) alivyoomba msala, mkeka wa kusalia, akakosa akasema basi kisiwa hichi ndio msala wangu, na kwamba Misali ni hifadhi tangu 1998 na mpaka leo wavuvi wanaitegemea, halafu akasema bahari ni amana. Vijana walinyamaza wakasikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi na vifungu vyangu.

La mwisho, waambieni majirani. Dar es Salaam watu wa Tabata walishinda kesi ya jaa la taka 1988, jiji likaomba kuongezewa muda likakataliwa, taka zikahamia Kunduchi Mtongani, watu wa Kunduchi nao 1991 wakaenda Mahkama Kuu na kushinda, taka zikaenda Vingunguti. Mradi unaokataliwa kwenu hauyeyuki, unatafuta shehia nyengine isiyojua kitu. Sisi tayari tumeshapeleka nakala za faili letu shehia mbili za jirani, na kesi yetu imeahirishwa tena, siku ikifika tunakodi gari ya saa kumi na mbili asubuhi kwenda mahkamani Chake Chake, Pemba, nafasi tatu za nyuma nimeziweka kwa ajili yenu mje mtizame.