Rangi Iliyokuja kwa Makosa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni taa zipi za ukutani zinazobadilika rangi ambazo ungemshauri mtu azifunge kwenye chumba chake cha gemu?" Nilikuwa naperuzi tu kabla ya kulala. Sasa saa sita usiku imepita na niko macho, kwa hiyo mjue mmenigusa. Ila sitajibu mlichouliza. Kwangu swali ni hili: rangi zote hizo za nini?

Boksi nyote mmeliona. "Rangi milioni 16." Si uongo, ni hesabu tu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja ina ngazi 256, 256 mara 256 mara 256 unapata 16,777,216. Haya, wewe uliye nazo ukutani, mwezi huu umetumia ngapi? Wiki ya kwanza ni upinde wa mvua unaokimbia ukuta mzima na kila anayeingia anatoa simu kurekodi. Wiki ya pili kichwa kinagonga. Wiki ya tatu umeiacha kwenye zambarau, na rimoti yenye vitufe 44 iko chini ya godoro. Kwa hiyo nilipokaa kuandika, msimamo wangu ulikuwa mmoja: rangi moja inatosha. Nunua taa ya rangi moja, pesa inayobaki ongezea kwenye kiti.

Msimamo huo una chanzo chake.

Chumba chetu cha gemu ni cha watu wawili, mimi na mdogo wangu. Meza yake kushoto, yangu kulia, mbele yetu ukuta mmoja. Mkanda wa LED, yaani vile vitaa vidogo vilivyopangwa mstari mmoja, aliuleta yeye: mita 5, LED 60 kila mita, ile aina ya volti 5 ambayo kila LED ina chipu yake na inapokea amri yake peke yake. Si ule wa volti 12 wenye waya nne, ambao ukisema nyekundu basi wote unakuwa mwekundu. "Kaka, huu unafanya chochote," akaniambia. Nikamjibu tuanze kuona kama gundi yake inafanya chochote.

Haikufanya. Tulikuwa tumefuta ukuta kwa kitambaa kikavu, na nusu mita ya kwanza ikabanduka taratibu huku tunaiangalia, na vumbi la rangi ya ukuta limeganda kwenye gundi kama unga. Tukafuta upya kwa spiriti, tukasubiri ukauke, tukarudia. Yeye amesimama juu ya kiti changu, kiti chenyewe cha magurudumu, mimi nimekizuia kwa goti na mkononi nimeshika mkanda uliobaki usijikunje. Tulianzia upande wake kwa sababu soketi iko kwake. Ukaishia juu ya meza yangu.

Akawasha. Alianza na nyeupe, mwanga hadi mwisho, kwa sababu alitaka kuona nguvu zake zote. Kwake kukawa kweupe mpaka tukakunja macho. Kufika katikati, ule weupe umeshageuka kama karatasi ya gazeti la zamani. Juu ya meza yangu ilikuwa rangi ya machungwa iliyofifia, kama kaa lililobakiza dakika chache lizimike.

"Yako imechoka," akasema.

"Yangu ipi? Mkanda si mmoja?"

Akaweka nyekundu: sawasawa mwanzo hadi mwisho. Akaweka buluu: kwake safi, kwangu imepauka. Kwake yeye jibu lilikuwa rahisi, LED za mwisho ni mbovu, mkanda urudishwe ulikotoka. Mimi nikasema haiwezekani ubovu upange foleni vizuri namna ile, kidogo kidogo kutoka kushoto kwenda kulia. Tulibishana mpaka nikaenda kuchukua mita ya kupimia umeme. Kwenye adapta, volti 5 kasoro kidogo. Mwisho wa mkanda, 3.7.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hiki ni kitu ambacho wauzaji wangeweza kukieleza kwa sentensi moja. LED za aina hii zikiwaka nyeupe kwa nguvu zote, kila moja inakula hadi miliampea 60 hivi. Ziko 300. Kwenye makaratasi hizo ni ampea 18, wati 90, na zote zinataka kupita kwenye shaba nyembamba kuliko ukucha. Njiani volti zinapotea. Nyekundu inaridhika na volti 2 hivi. Kijani na buluu zinadai karibu 3, na chipu nayo inataka chake. Umeme ukipungua, buluu ndiyo ya kwanza kuzirai, kijani inafuata kwa mbali, nyekundu inabaki imesimama. Nyeupe iliyoondolewa buluu huwa manjano, na kijani nayo ikipungua inaingia kwenye machungwa. Mkanda haukuwa mbovu, ulikuwa na njaa. (Halafu buluu yenyewe ndiyo iliyochelewa kuzaliwa. LED nyekundu aliyoitengeneza mhandisi Nick Holonyak ilikuwepo tangu 1962. Buluu yenye mwanga wa maana ilisubiri hadi miaka ya 1990, na Akasaki, Amano na Nakamura walioifanikisha wakapewa Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwetu ikazirai usiku wa kwanza.)

Dawa ni mbili: punguza mwanga, au peleka umeme kwenye ncha zote mbili. La kupunguza mdogo wangu hakutaka hata kulisikia. Tukavuta waya mbili nene kutoka kwenye adapta, zikapita nyuma ya meza zote mbili, tukazichomelea kwa risasi kwenye ncha ya upande wangu, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, yeye anamulika kwa simu mimi nachoma vidole. Akawasha tena. Nyeupe tupu, ukuta mzima. Akapiga makofi.

Nikakaa kwenye kiti changu, na chumba kilikuwa kama cha upasuaji. Nikaona vumbi la mwaka mzima katikati ya vitufe vya kibodi. Nikaiona sura yangu kwenye skrini, kila sehemu ya gemu yenye giza. Nikacheza mechi mbili, nikapigwa zote mbili, ingawa sitasingizia taa.

"Irudishe ile ya mwanzo," nikasema.

"Ipi? Ile ya ubovu?"

Hiyohiyo. Basi tukaanza kuitafuta kwa programu, rangi ambayo dakika chache kabla tulikuwa tunaihesabu hitilafu. Yeye anasogeza vitelezi, mimi nimeegemea kiti namwambia bado, imekuwa kama taa ya breki. Bado, hiyo ni manjano ya sabuni. Rudi, rudi kidogo, hapo. Nyekundu 255, kijani 120, buluu 20, mwanga theluthi moja. LED 150 za upande wangu ziko hapo tangu usiku ule. Zake 150 ni zambarau siku zote, isipokuwa akipoteza mechi, anaweka nyekundu ili nisimsemeshe.

Sasa nimesoma tena nilichoandika juu na naona nimejitega mwenyewe. Nimesema rangi moja inatosha, na bado nasema hivyo, maana natumia moja. Lakini ningekwenda kununua taa ya rangi moja, ningenunua buluu. Kila picha ya chumba cha gemu niliyowahi kuiona ni buluu. Ningekaa na buluu mpaka usiku wa manane, ambayo ndiyo rangi inayouambia mwili kwamba bado mchana, halafu nishangae usingizi umekwenda wapi. Rangi yangu nisingeijua kwa jina. Ilibidi mkanda ukose umeme ndipo niione.

Kwa hiyo jibu langu, kinyume na nilivyoanza: nunueni zinazobadilika rangi, na ikiwezekana aina ambayo kila LED inapokea amri yake, hasa kama chumba ni cha watu wawili wasioelewana.

Lakini sijamaliza kunung'unika. Kama unachotaka ni nyeupe ya kusomea, tafuta zenye LED ya nne nyeupe ya peke yake, maana nyeupe inayochanganywa kutoka rangi tatu inaifanya ngozi ya mtu ionekane ya mgonjwa. Adapta: volti lazima zilingane kabisa na za mkanda, ampea zikizidi hakuna tatizo, zikipungua ndipo adapta inachemka. Ukuta wa rangi inayong'aa utaonyesha kila LED kama kidoti, kwa hiyo ufiche mkanda kwenye chaneli ya alumini yenye kifuniko kizito cheupe. Vile vipande vya taa vya pembe sita vinavyobandikwa ukutani ni vizuri kutazama, sina ugomvi navyo. Nyuma ya skrini ni habari nyingine: pale weka nyeupe kama ya mchana, kwenye boksi huandikwa kelvini 6500, mwanga kama asilimia 10 ya weupe wa skrini yako, uache, kwa sababu rangi ikikaa pale inayadanganya macho kuhusu rangi za gemu lenyewe. Seti mbili za aina moja zenye rimoti za kawaida zitasikilizana, ukizima yako unazima na ya mwenzako. Zile za simu, nyingi zinakubali waifai ya GHz 2.4 tu, na baadhi ya wanaolalamika kwamba taa zao "hazionekani" wako kwenye ile ya 5.

Moja si la mzaha: kama yeyote anayeingia chumbani ana kifafa kinachoamshwa na mwanga unaomulikamulika, zile modi za kuwakawaka zisiguswe kabisa, hata kwa majaribio.

Mdogo wangu amesimama nyuma yangu amesoma mpaka hapa. Anasema kijani si 120, ni 110. Nimefungua programu kuangalia. Ni 110.