Wati 5, 22 au 85? Amplifaya ya valvu kwa mpiga solo wa nyumbani na jukwaani

SWALI: Fundi, habari za kazi. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya watu sita, drams na tarumbeta zikiwemo. Miaka yote nimetumia amplifaya ya transista, sasa nataka ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa mirija ya kioo, zile zenye sauti ya miaka ya 60. Nimeonyeshwa tatu, zote zimeshatumika: Fender Champ ya wati 5, Deluxe Reverb ya wati 22 na Twin Reverb ya wati 85. Wenzangu wanasema nichukue Twin, eti heri iliyozidi kuliko iliyopungua. Lakini mazoezi nafanya nyumbani usiku, na mtoto amelala chumba cha pili. Gitaa langu lina pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za koili moja. Napenda sauti safi inayoanza kukwaruza kidogo nikikaza mkono. Nichukue ipi? Niikague vipi? Na ni kweli valvu hubadilishwa kila mara?

JIBU: Chukua Deluxe, mradi ipite ukaguzi nitakaoueleza huko chini. Usidhani nakupa ya katikati ili nisimuudhi mtu. Jibu nimelitoa kwenye sentensi yako moja, ile ya sauti safi inayokwaruza ukikaza mkono.

Kila amplifaya ya valvu ina mahali pake kwenye kitufe cha volyumu ambapo ukipiga taratibu inaimba safi na ukipiga kwa nguvu inachafuka. Chini ya hapo ni safi tupu, juu ya hapo ni chafu muda wote. Amplifaya nyingi za zamani hazina volyumu ya pili ya kudhibiti mwisho wa saketi, kwa hiyo mahali hapo panakuja na kelele yake, utake usitake. Unachotafuta ni mashine ambayo pale pake pazuri panalingana na kelele ya bendi yako.

Twin ina valvu nne za nguvu, aina ya 6L6, na spika mbili za inchi 12. Ilitengenezwa ibaki safi, na inabaki safi kwelikweli. Kwa gitaa la koili moja, itaanza kukwaruza wakati mpiga drams ameshaacha kujisikia. Hutafika huko hata siku moja, kwa sababu fundi mitambo atakuwa ameshakuja mara tatu kukuomba upunguze. Na hizo wati 85 zinatisha zaidi kwenye karatasi kuliko masikioni. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, na sikio linahitaji kama desibeli 10 ndipo likubali kwamba sauti imekuwa maradufu. Kutoka 22 hadi 85 ni desibeli 6 kasoro. Ukiongeza na faida ya spika ya pili, ndiyo kwanza Twin inakaribia kuwa maradufu ya Deluxe. Kwa hilo utabeba kilo kama 29 badala ya 19 hivi, kila onyesho, kupanda na kushuka ngazi. Kama ungekuwa mtu wa sauti safi tupu, au unapiga kinanda cha umeme kupitia amplifaya hiyo hiyo, ningekuambia wenzako wana haki.

Champ ni kinyume chake: valvu moja ya 6V6 kazini, spika ya inchi 8. Ni tamu sana studio. Mbele ya drams na tarumbeta itakuwa imekwaruza muda wote na bado haisikiki, na hata ukiiwekea maiki huna tena ile sauti safi uliyoniomba.

Deluxe ina 6V6 mbili na spika moja ya inchi 12. Kwa pikapu zako, volyumu ikiwa kati ya 4 na 5 hivi ndipo inapoanza kujibu mkono. Kuna kitu kingine ndani yake ambacho watu hukisikia bila kujua jina lake. Umeme wa saketi hunyooshwa (hugeuzwa kutoka wa kwenda na kurudi kuwa wa njia moja) na valvu iitwayo GZ34, wakati Twin hutumia dayodi, vipande vidogo visivyo valvu. Ukipiga noti kwa nguvu, volti hushuka kidogo kisha hupanda tena, na noti nayo hubonyea mwanzoni halafu huvimba, kama pumzi. Valvu hiyo haifanyi kazi hiyo peke yake, transfoma ndogo nayo inachangia. Kwa mpiga solo anayeshika noti ndefu, huo ndio utamu wenyewe. Kwa mpiga rizimu wa kukatakata haraka, unaweza kuwa kero.

Sasa twende kwa mtoto. Hapa watu wengi hujidanganya kwamba wati chache zitaokoa usingizi wa nyumba. Spika ya kawaida ya gitaa ya inchi 12 ikipewa wati 1 tu hutoa kama desibeli 97 umbali wa mita 1. Ikipewa wati 5 inafika 104. Hiyo ni kelele ya karakana, si ya chumbani. Champ ikifunguliwa yote itamwamsha mtoto wako na wa jirani. Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia wati za usiku. Amplifaya yoyote kati ya hizi tatu ukiipiga usiku utakuwa unatumia sehemu ndogo sana ya wati 1.

Na Deluxe ikipigwa chini hivyo ina tabia yake moja. Upande wa kulia, wenye mwangwi wa springi na mtikisiko, kitufe cha volyumu kina kapasita ndogo inayoruhusu trebo ipite pembeni. Volyumu ikiwa 6 huisikii. Ikiwa 2 trebo inachoma masikio, hasa kwa koili moja, na ndipo mtu anaposema amplifaya hii ni kali, haifai. Upande wa kushoto hauna kapasita hiyo. Usiku chomeka kushoto, ukubali kukosa mwangwi, au uweke pedali ya mwangwi mbele. Wapo wanaomwita fundi akate mguu mmoja wa kapasita hiyo. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua, na inarudishika.

Ile sauti ya kukwaruza utaipata usiku kwa pedali nzuri ya mkwaruzo mwepesi, iliyowekwa volyumu ya chini. Najua wapenzi wa valvu huona pedali kama udanganyifu. Waache. Njia nyingine ni kifaa cha kupunguza nguvu, kinachokaa kati ya amplifaya na spika na kugeuza wati za ziada kuwa joto. Kinafaa ukitaka kushusha desibeli chache kwenye ukumbi mdogo. Ukikikaza hadi kiwango cha mtoto aliyelala, sauti inakuwa ya bapa, kwa sababu spika yenyewe haisogei na masikio yetu hupoteza besi kelele ikipungua. Tena valvu zinafanya kazi ileile ya volyumu kubwa, kwa hiyo zinachakaa vilevile. Hakikisha kifaa hicho kina omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kama spika ya Deluxe, na kinabeba wati zaidi ya 22 kwa mbali.

Hapo kwenye spika nisimame kidogo. Mwaka fulani kijana aliniletea amplifaya iliyokufa katikati ya onyesho. Alikuwa amechomoa waya wa spika na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye miksa, kwa sababu alishazoea kufanya hivyo na amplifaya yake ya transista bila tatizo. Nilipofungua, kwenye soketi ya valvu ya mwisho palikuwa na mstari mweusi wa kaboni umejichora kati ya pini mbili, na transfoma ya spika ilikuwa inanuka kama rangi iliyoungua. Ndivyo inavyokuwa: spika isipokuwepo, nguvu ya transfoma haina pa kwenda, volti hupanda mno na hutafuta njia yake yenyewe. Wewe unatoka kwenye transista, kwa hiyo lishike hili kuliko yote niliyoandika: amplifaya ya valvu haiwashwi ikapigwa bila spika au mzigo wa badala yake.

Ukaguzi. Nenda na gitaa lako na waya wako, usipige la muuzaji. Kabla ya kuwasha, soma nyuma imeandikwa volti ngapi. Nyingi za Marekani ni za volti 120, na ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha utaisikia mara moja tu. Angalia pia plagi. Ya zamani yenye pini mbili, bila waya wa ardhi, haifai kuguswa pamoja na maiki mpaka fundi aibadilishe.

Iwashe, volyumu zote sifuri, usikilize. Mvumo mdogo ni kawaida. Mvumo mzito unaojaza chumba huku volyumu ziko chini mara nyingi ni kapasita kubwa za umeme zilizokauka. Hizo huchoka kwa umri hata amplifaya isipopigwa, na za asili za miaka ya 60 ambazo hazijawahi kubadilishwa zihesabu kama zimekufa. Si sababu ya kuiacha, ni sababu ya kupunguziwa bei. Vitufe vinavyokwaruza ukivizungusha mara nyingi ni vumbi tu. Piga kwa nusu saa nzima, kwa sababu makosa mengi hujificha mpaka joto lipande.

Halafu zima taa za chumba utazame valvu kwa nyuma. Rangi ya chungwa katikati ya kioo ni sawa. Mwanga wa buluu unaocheza ndani ya valvu kubwa, ambao huwatisha wengi, nao ni sawa. Lisilo sawa ni lile bamba la kijivu lililo ndani ya valvu kuwa jekundu kama kaa la moto. Hapo zima papo hapo. Juu ya kila valvu kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekwisha. Mwisho, igonge kila valvu ndogo taratibu kwa kijiti cha mbao huku volyumu ikiwa juu kidogo. Inayojibu kwa mlio kama kengele inabadilishwa. Usifungue sanduku la chuma. Ndani kuna volti zaidi ya 400, na kapasita zinaweza kuzishika hata baada ya kuchomoa plagi.

Kuhusu kubadilisha valvu, umetishwa bure. Deluxe ina tisa. Sita ndogo hukaa miaka mingi na hubadilishwa moja moja zikianza kelele, wewe mwenyewe, amplifaya ikiwa imezimwa na kupoa. GZ34 nzuri nayo ni ya miaka. Zinazochakaa kwa kupigwa ni zile 6V6 mbili. Utajua kwa besi kulegea na nguvu kupungua polepole hadi unajikuta unapandisha volyumu kila wiki. Hununuliwa jozi iliyopimwa pamoja, na kwa Deluxe fundi inabidi apime upya mkondo unaopita ndani yake ukiwa hupigi kitu. Champ haihitaji kipimo hicho, inajirekebisha yenyewe. Kama siku moja utakutana na Vox AC15, yenye EL84 mbili, nayo inajirekebisha, ila EL84 huendeshwa kwa joto kali kwenye saketi hizo, kwa hiyo uwe na jozi ya akiba. AC15 ingekuwa chaguo langu la pili kwako. Inang'ata mapema zaidi, na trebo yake ni ya kengele kuliko ya kioo.

Jukwaani usiiweke sakafuni ikitazama magoti yako. Trebo ya spika hutoka kama mwali wa tochi. Wewe uliyesimama pembeni na juu utasikia sauti butu, utaongeza trebo, na mtu wa safu ya kwanza atatobolewa masikio. Iinamishe kwa nyuma au iweke juu ya kiti imara. Maiki ya kawaida kama Shure SM57 ikae karibu na kitambaa, ikilenga pale kifuniko cha katikati ya spika kinapokutana na karatasi. Ikisogea kuelekea katikati sauti inakuwa kali, ikisogea nje inakuwa nzito. Ukiona bado unazidiwa na tarumbeta bila maiki, badilisha spika kabla ya kufikiria Twin. Spika yenye unyeti wa desibeli 100 badala ya 97 ni sawa na kuzidisha wati zako mara mbili, na uzito haubadiliki sana. Omu zibaki 8, na uwezo wake uzidi wati 22, kwa sababu kuna spika nzuri sana za mtindo wa zamani zinazobeba 15 tu, na moja peke yake ndani ya Deluxe haitadumu.