Sauti ya kulalia: taima ya saa moja haitoshi

Kama shida yako ni kushtuka katikati ya usiku, taima inayozima sauti ya kulalia baada ya saa moja haikusaidii. Acha sauti iendelee hadi asubuhi. Kinachoamsha mtu mara nyingi ni sauti kubadilika ghafla: mbwa anabweka, mlango unabamizwa, na ubongo unainasa tofauti hiyo hata ukiwa umelala. Mvumo usiobadilika, kama wa feni au mvua iliyorekodiwa, unapunguza tofauti hiyo. Ndiyo maana hata feni ikizimika ghafla unaweza kuamka. Ukitaka taima lazima, tafuta inayofifisha sauti taratibu. Redio yenye maongezi siipendekezi, maneno yanavuta masikio.

Ila usitarajie miujiza: mapitio ya tafiti 38 yaliyochapishwa 2021 yaliona ushahidi kwamba kelele ya mfululizo inaboresha usingizi ni hafifu. Kwa hiyo weka sauti ya chini kabisa inayotosha kufunika usumbufu. Kama mnalala na mtoto mchanga, spika ikae angalau mita 2 kutoka alipolala, na sauti inayomfikia isizidi desibeli 50.